Chupa Iliyorudi Imejaa

Ukitaka kumjua Kocha Suwarti, usianze na uso wake, anza na mwanzi wake. Ni mwanzi mrefu wa manjano, umeshikwashikwa mpaka umelainika, na kazi yake ni moja tu. Ukishushwa majini mbele ya pua yako, umetoka. Huulizi wala hubishi. Unashika ncha, unavutwa mpaka ukingoni, unajifunga taulo. Watoto wetu hawaogopi mwalimu wa hesabu wala mashetani ya mtoni. Wanaogopa mwanzi.

Mimi ni Mama Pandu. Nakaa kwenye benchi la saruji la bwawa la chemchemi, hapa kwetu Klaten, tangu mwanangu alipojiunga na klabu ya kuogelea. Mtoto mwenyewe, Mungu amlinde, anaogelea kama gunia la mihogo, lakini akitoka majini anakula bila kubembelezwa, kwa hiyo namleta. Nawachemshia watoto maji ya kunywa, natia sukari ya mnazi kidogo, najaza chupa, nazikusanya. Na nina mdomo, najijua. Watu wa sokoni wakitaka habari ya kweli hununua gazeti. Wakitaka habari yote, huja kwangu. Nalisema hili mapema ili ujue kunyamaza kulinigharimu nini.

Suwarti alizaliwa jirani na chemchemi hiyo. Mama yake alifua nguo za watu, naye alipiga mbizi kuokota sabuni zilizoponyoka. Ndiyo shule yake ya kuogelea, hakuwa na nyingine. Alipokuwa msichana aliiwakilisha wilaya mara moja, akashika nafasi ya nne, akarudi nyumbani kutengeneza tempe, mikate ya soya iliyochachushwa, kama bibi yake. Mpaka leo vidole vyake vinanuka soya. Alfajiri anafunga tempe kwenye majani ya mgomba, asubuhi anaziuza sokoni, alasiri yuko bwawani na ile suruali yake ya michezo iliyopauka magotini. Hakuolewa. Mdogo wake alipokwenda Hong Kong kufanya kazi za nyumbani alimwachia binti, Wigati, akiwa bado ana mapengo, na Suwarti akamlea kama wake. Nyumbani Wigati anamwita Mama Mkubwa, bwawani anamwita Kocha, na akichanganya hayo mawili, ole wake.

Kama kuna mtoto aliyenyimwa upendeleo duniani, basi ni Wigati. Mwenzake akichelewa mazoezini hukimbia kuzunguka mashamba ya mpunga mara moja. Yeye mara mbili. Mwenzake akiumwa hupelekwa nyumbani. Yeye hukalishwa ukingoni ahesabu mizunguko ya wengine. Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Dada Suwarti," nikamwambia, "huyu ni mtoto wa ndugu yako, si wa adui yako." Akanijibu bila kugeuza shingo, "Ndiyo maana." Na mji mzima ulimheshimu kwa hilo. Mali hana, cheo hana, maneno matamu ndiyo kabisa. Alikuwa na jina moja tu, kwamba hapendelei.

Miezi ya kabla ya mashindano ndiyo migumu. Watu huja kushangilia msimu ukishaanza, wakaona medali na picha, wakadhani kuogelea ni hiyo. Sisi wa benchini tunajua. Watoto wanavuta mipira ya ndani ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo za vyumba vya kubadilishia nguo, mpaka mabega yanawaka. Kisha wanaingia majini, na maji ya chemchemi hayajui jua limewaka au la, ni baridi ileile mwaka mzima. Huko ndani ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hakuna mbio, hakuna shangwe, ni kula umbali tu. Mtoto analia ndani ya miwani yake na hakuna anayeona. Suwarti huwa anatembea nao ukingoni, mwanzi begani, akisema kwa sauti ndogo, "Mkono mrefu. Mkono mrefu." Hapigi kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia katikati ya miezi hiyo. Kwa hiyo kila alasiri kabla ya mazoezi watoto walipanga foleni na kumnong'oneza Kocha sikioni, mmoja mmoja. Aliyefunga anasema amefunga; asiyefunga anasema hakufunga. Sababu haiulizwi. Wasichana wana mambo yao ya mwezi, mwingine ana vidonda vya tumbo, mwingine ana uvivu wake na Mola wake. Aliyefunga anafanya mazoezi mepesi upande wa kina kifupi. Asiyefunga anakwenda kwenye maji marefu, na wakati wa kupumzika anakunywa nyuma ya pazia la kitambaa, kama wanavyofanya wateja wa migahawa mwezi huo, asiwatamanishe wenzake. Kanuni hii Suwarti hakuitoa hewani. Zamani aliwahi kumwopoa mvulana aliyefunga bila kusema, amelegea kama nguo iliyoloweshwa. Mvulana alipona. Kocha ndiye hakupona.

"Sikio langu si soko," huwaambia watoto kila mwaka. "Kinachoingia hakitoki. Lakini mniambie kweli."

Sasa nisikilize vizuri. Mkoa ulitaka msichana mmoja tu kutoka wilaya yetu, wa mbio ndefu. Atakayechaguliwa anaingia shule ya bweni ya michezo. Atasomeshwa, atalishwa, atakuwa na bwawa lenye paa. Wenye uwezo huo walikuwa wawili, Wigati na Khotimah. Khotimah tunamwita Imah. Baba yake, Tukiran, anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kubebea abiria, na mama yake alishafariki. Imah ni mwembamba, mweusi wa jua, hasemi sana, na majini anateleza mpaka unasahau kwamba anachoka kama watu. Kwao mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Akipata nafasi, anaendelea na shule. Akikosa, Sikukuu ikipita anaanza kazi kiwanda cha soksi. Wigati akikosa angekuja kuuza tempe na kuendelea na masomo hapahapa. Kila mtu alilijua hilo, na Suwarti alilijua kuliko wote.

Jaribio likawekwa katika juma la mwisho la mfungo. Mbele haliwezi kusogea, kwa sababu jina lilitakiwa wilayani kesho yake asubuhi kabla ofisi hazijafungwa kwa ajili ya Sikukuu. Usiku haliwezi kufanyika, bwawa halina taa. Ni alasiri ile au basi.

Nikawaona wasichana wawili wakipita kwenye sikio la Kocha. Wigati alinong'ona neno moja. Imah akanong'ona, na Suwarti akamtazama.

"Hakika?"

"Hakika, Kocha."

Kocha akawaonyesha wote wawili maji marefu. Nikajua basi, hakuna aliyefunga kati yao. Sikushangaa. Siku kama ile hata mimi ningekula, nikalipa baadaye.

Wakaingia. Watoto wengine wakakaa ukingoni kimya, miguu majini. Kanuni ya jaribio ni kwenda na kurudi sehemu ya kwanza, kupumzika kidogo na kunywa, kisha sehemu ya pili, na atakayemaliza mbele ndiye. Sehemu ya kwanza walikwenda sambamba kama ng'ombe wa jembe moja. Wakatoka, wakaja kwangu nyuma ya pazia. Wigati alipokea chupa akainywa kwa pupa mpaka ikabonyea. Imah alichukua yake, akanipa mgongo, akainua kichwa, koo likacheza. Mimi nikatazama pembeni. Mtu anayekunywa mchana wa Ramadhani hatazamwi.

"Kunywa, mwanangu, bado safari," nikasema.

"Nimekunywa, Mama Pandu. Asante."

Wakarudi majini. Tukiran naye akafika, akaegesha baiskeli yake chini ya ukuta, jasho linamtiririka, midomo imemkauka kwa funga. Alikuwa hajui kanuni zetu hata moja; yeye alijua binti yake yumo na leo ndiyo siku. Nikamsogezea nafasi benchini, kisha nikaanza kukusanya chupa.

Ya Wigati ilikuwa tupu. Ya Imah ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Mdomo wa chupa umelowa, lakini maji yapo palepale nilipoyaacha. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaigeuza, kama mtu anayekagua yai. Mtoto huyu hajala tangu daku. Amemwaga nguvu zake zote nusu ya kwanza, yumo kwenye maji baridi, na hana tone tumboni.

Nikamfuata Suwarti ukingoni, nikaificha chupa kwenye mtandio.

"Dada," nikanong'ona, "Imah hakunywa."

"Pengine hana kiu."

"Tazama."

Akaitazama chupa. Niliona tu mkono wake ukihama juu ya mwanzi, ukashika chini zaidi.

Majini Imah alikuwa ameshaanza kuongoza. Kwanza kichwa, kisha mabega, kisha mwili mzima. Watoto wakaanza kupiga makofi. Tukiran alisimama juu ya benchi. "Twende, mama! Twende!" Alikuwa akimwita mama, kama wanavyofanya wababa wenye binti mmoja.

"Wasimamishe wote wawili," nikamwambia Suwarti. "Sema mvua inakuja."

"Kesho nipeleke jina la nani? La mvua?"

"Basi mwache amalize. Pengine ataweza."

"Pengine," akasema Suwarti, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote.

Sikuwahi kumwona akisita. Nilielewa anachopima, na sitaki useme hukuelewa. Mwanzi ukimshukia Imah, nafasi inakwenda kwa Wigati, mtoto aliyelala chini ya paa la Kocha mwenyewe. Nani atakayeamini? Na mwanzi usiposhuka, mtoto wa watu anaweza kuzama kimya kimya, maana wanaozama hawapigi kelele kama watu wanavyodhani. Jua lilikuwa limeegemea. Maji yalikuwa yameanza kuwa meusi upande wa kina.

Imah alipofika ukutani Suwarti akachuchumaa.

"Imah! Umekunywa?"

Akainua kichwa nusu, midomo ya zambarau. "Nimekunywa, Kocha!"

Akageuka, akaenda. Suwarti akabaki amechuchumaa pale, na mimi nikaona anachoona yeye. Mkono wa Imah ulikuwa umefupika. Ulikuwa ukiingia majini ukiwa umepinda. Alikuwa akivuta pumzi kila mkono, kulia na kushoto, kama anayetafuta kitu hewani. Miguu ilipiga, ikasahau, ikapiga tena. Lakini bado alikuwa mbele! Wigati nyuma yake alikuwa akikazana, na bado alikuwa nyuma, na watu wote wanaona.

Kwenye mgeuko uliofuata Imah aliukosa ukuta. Mkono ulishika maji, ukatafuta, ukapata. Watoto wakacheka, wakadhani ni haraka. Akatoka kwa mshazari, bega likagusa kamba, akajirudisha. Nilikuwa nasema, "Ya Rabi, ya Rabi," bila kujua kama nasema kwa sauti.

Suwarti akasimama. Akatembea hatua ndefu mpaka alipokuwa sambamba naye, akaushusha mwanzi mbele ya pua yake.

Imah aligongana na mwanzi, akaushika kwa mikono miwili, akainua uso. "Naongoza!" akalia. "Kocha, naongoza!"

"Toka."

"Sijachoka! Naongoza mimi!"

"Toka, Imah."

Hakutaka kuuachia wala kuvutwa. Suwarti alimvuta hivyohivyo, kwa nguvu za mtu anayebeba magunia ya soya. Nyuma yao Wigati alikuwa amesimama katikati ya maji, hajui aendelee au asiendelee. "Maliza," Kocha akamwambia bila kumtazama. Akamaliza peke yake, na hakuna aliyempigia makofi.

Imah alipokanyaga saruji magoti yalikunjika. Nikamzungushia taulo, nikamkokota nyuma ya pazia. Tukiran alikuwa ameshashuka benchini, akamwendea Kocha mpaka pua kwa pua.

"Umemtolea nini mwanangu?"

"Nimeona atoke."

"Umeona! Na sisi hatuna macho? Alikuwa mbele ya huyo wako!"

"Alikuwa mbele," akasema Suwarti.

"Kumbe umeona. Basi sawa. Kila mwamba ngozi huvutia kwake." Akageukia watu. "Nilidhani mwenzetu hana ngozi ya kuwamba. Kumbe alikuwa anangoja ikauke!"

Watu wengine waliguna, wengine waliinamisha vichwa. Nilimngoja Suwarti aseme. Neno moja tu lingetosha. Akasema, "Jina litakwenda kesho. Ni Wigati," akaja nyuma ya pazia.

Kule Imah alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilishamimina chai ya moto, nikamsogezea kikombe mdomoni. Akageuza uso. Nikamsogezea tena, akakaza midomo, machozi yanamtoka. Suwarti alitutazama, akakichukua kikombe mkononi mwangu, akakiweka chini.

"Mwache. Ngoma ya futari msikitini imekaribia."

"Dada, mtoto anatetemeka!"

"Yuko nchi kavu. Nchi kavu atatetemeka, nami nitamwangalia." Akamkunjia taulo la pili miguuni. "Nikimnywesha sasa nitakuwa nimemnyang'anya vyote viwili kwa siku moja."

Imah alimtazama. Ndipo alipojua kwamba Kocha anajua. Hakuomba msamaha na hakusema asante. Alikuwa amekasirika, mtoto yule, na aibu juu yake. Tukakaa watatu tukisubiri, na ngoma ilipolia alikunywa kikombe kwa kikombe mpaka nikakosa chai. Baba yake akaja akamchukua, akampakia kama abiria, akaondoka bila kuaga.

Nikamgeukia Suwarti. "Haya, sasa twende ukawaambie."

"Nikawaambie nini?"

"Kwamba alikuwa amefunga! Kwamba amekudanganya!"

"Aliniambia sikioni."

"Alikuambia uongo!"

"Hata uongo uliingia sikioni." Alikuwa akifuta mwanzi kwa kitambaa, taratibu, kama kila siku. "Wasichana hawa wananiambia mambo ambayo mama zao hawayajui. Nikilifungua sikio hili mara moja ili kujisafisha, mwakani hakuna atakayesema kweli. Na huyo asiyesema ndiye nitakayemwopoa chini." Akaacha kufuta. "Na wewe, Mama Pandu."

"Mimi nini?"

"Mdomo."

Jamani! Siku zilizobaki za mwezi ule nilifunga mara mbili: chakula mchana, na mdomo mchana na usiku. Sokoni maneno yalikuwa yamefika kabla yangu. Muuza samaki alimwuliza Suwarti mbele ya watu, "Leo tempe bei gani, au ya ndugu ina bei yake?" Watu wakacheka. Wateja wake wa miaka wakaanza kuvuka njia na kununua kwa jirani. Alirudi nyumbani na kapu nusu. Mimi nilisimama pale, neno liko kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza likashuka kama mfupa. Nilinunua tempe zake mpaka Pandu akauliza kama tunafuga kitu.

Na nyumbani kwake ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Wigati hakusherehekea. "Nilikuwa nyuma yake," alimwambia mama yake mkubwa, nami nipo mlangoni. "Maisha yangu yote umenikimbiza mara mbili ili watu wasiseme. Leo wamesema, na wamesema kweli. Ungeniacha nishindwe!" Suwarti aliendelea kumenya soya. Mtoto hakumsemesha tena mpaka mwezi ukaisha.

Sikukuu ikafika. Kwetu siku hiyo wadogo huenda kwa wakubwa, hupiga magoti, huomba msamaha wa mwaka mzima. Kila mwaka kizingiti cha Suwarti hujaa makobazi ya waogeleaji mpaka unapita kwa kuruka. Mwaka ule yalikuwepo yangu na ya Pandu. Suwarti alikuwa amekaa kwenye kiti chake amevaa blauzi ya kebaya ya kijani, mikono mapajani, sahani za biskuti zimepangwa mezani kwa ajili ya wageni wasiokuja. Nilijifanya kuongea. Niliongea kuhusu bei ya nazi, Mungu anisamehe.

Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli ya abiria.

Tukiran hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti, ametupa mgongo nusu, kama mtu aliyeletwa na dereva wakati dereva ni yeye. Imah aliingia kwa magoti, kama inavyotakiwa, mpaka miguuni pa Kocha, akaweka paji la uso juu ya magoti yake. Watoto hulisema lile ombi mbiombio, wapate biskuti. Imah alikaa kimya mpaka tukadhani amesahau.

"Kocha," akasema, "siku ile nilikuwa nimefunga."

Tukiran akageuka.

"Nilikudanganya sikioni, nikakudanganya tena ukutani. Niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu nitafunga mwezi wote, nisiache hata siku moja, naye anipe nafasi. Sasa jaribio likaja ndani ya mwezi. Nikaogopa. Nikiacha siku ileile, nitakuwa nimevunja mimi kwanza. Nikafikiri nitaweza vyote." Sauti ikakatika. "Nilikuwa siuoni ukuta, Kocha. Nilikuwa naogelea kwa kukisia."

"Kwani aliyefunga haogelei?" akauliza Tukiran.

"Maji marefu haogelei!" Lilinitoka kama kizibo cha soda. "Haruhusiwi, Baba Imah! Na chupa niliishika kwa mikono hii, imejaa—"

"Mama Pandu," akasema Suwarti.

Nikafunga mdomo. Tukiran alinitazama mimi, akamtazama Kocha. "Alijua?"

"Alijua," nikasema polepole.

"Na akaniacha nimtukane mbele za watu?" Akavua kofia yake, akaishika mkononi, akaigeuzageuza. Mwanamume yule alitafuta neno mpaka nikamwonea huruma.

Wigati alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sahani ya ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Akaiweka mezani, akamkazia macho Imah.

"Ulikuwa mbele yangu na tumbo tupu?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwehu."

"Na wewe ni mzito," akasema Imah ndani ya machozi, na Wigati akacheka, akalia, akamgeukia mama yake mkubwa. "Ungeniambia."

"Nisingeweza," akasema Suwarti.

Akalichukua jagi la maji lililokuwa mezani, akajaza bilauri mpaka ukingoni, akampa Imah. "Kunywa."

Imah akanywa, naye amemkabili, hakumpa mtu mgongo safari hii. Akanywa yote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kocha akaipokea bilauri, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaipindua juu ya sinia.

"Kiwandani unaanza lini?"

"Jumatatu. Zamu ya saa moja asubuhi."

"Basi saa kumi na moja alfajiri uwe majini."

"Kocha, nafasi imeshakwenda kwa Wigati."

"Imekwenda, sitakudanganya. Mwakani watataka mwingine, au hawatataka. Wewe uje."

"Nitamleta mimi," akasema Tukiran kutoka kizingitini. Kisha akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akakaa, akala tempe ya kukaanga pasipo kukaribishwa, akaomba nyingine.

Kabla ya kuinuka, Imah alijisogeza mpaka shavuni kwa Kocha, akaweka mkono kuziba mdomo, akamnong'oneza kitu. Kilikuwa kirefu. Suwarti alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa mara moja, akamgusa bega. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa, shingo imenirefuka kama ya bata, na sikupata hata neno. Jumatatu niliwakuta bwawani giza halijatoka vizuri, mmoja majini, mmoja ukingoni na mwanzi begani. Nikajaza chupa, nikakaa kwenye benchi langu. Sijauliza mpaka leo.